Sura ya Tano: Chai ya Karakana

Sista alikataa kusaini hata kabla kalamu haijatolewa kifuniko.

"Sisaini."

"Hata hujamaliza kusoma," alisema Mkurugenzi wa hospitali.

"Nimefika mstari wa tatu. Uongo nimeukuta hapo, nikaona nisiyachoshe macho."

Mkurugenzi alimgeukia Inspekta kama mwalimu wa zamu anayemwonyesha mwalimu mkuu mtoto sugu: umejionea mwenyewe? Inspekta hakujionea kitu. Alikuwa ameinamia kikombe cha chai. Kituoni walimwita Kobe, kwa sababu husemwa kwamba kobe akiinama anatunga sheria, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mama yule akikimbia, hata siku kituo kilipovamiwa na nyuki na mkuu wa kituo akatokea dirishani.

Ofisi ile ilikuwa na vyeti vingi kuliko ukuta. Kimoja, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa bado na utepe wa sherehe. Kilitangaza kwa maandishi ya dhahabu kwamba hospitali hii sasa ni salama. Chini yake, ndani ya sinia la chuma, ulilala mfuko wa plastiki wenye mabaki ya maziwa ya lishe, ambao haukuonekana kuwa umekisoma cheti hicho.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kinyozi mmoja mstaafu, aliyelazwa baada ya kupooza, alikuwa akilishwa maziwa kwa mpira uliopita puani hadi tumboni. Mkononi alikuwa na mpira mwingine, wa mshipa, kwa ajili ya dripu ya maji. Juzi, saa ya kuona wagonjwa, maziwa ya tumboni yaliingia mshipani. Kinyozi hakufa. Alihamishiwa chumba cha mahututi, mashine ikawa inampumulia, na madaktari wakawa wanasema "tusubiri" kwa sauti ya watu wasiokipenda wanachokisubiri.

"Tuanze upya," Inspekta alisema. "Sista, nani aliuunganisha mfuko?"

"Mimi, Afande. Mikono hii." Akaiweka yote miwili juu ya meza, kama anayekaguliwa kucha mstarini. "Nilisema siku ileile, nitasema mahakamani, na kinyozi akiamka nitamwambia mwenyewe. Mipira yote miwili ilitokea chini ya shuka moja. Nikashika usio wenyewe. Hilo ni langu, simpi mtu."

"Basi saini!" Mkurugenzi akapiga meza. "Umekiri!"

"Nimekiri nilichofanya. Karatasi inasema nililazimisha. Sikulazimisha kitu, Daktari. Uliingia kama kidole kwenye pete yake."

"Hauwezi kuingia!" Mkurugenzi akaunyanyua mfuko kwa vidole viwili. Mwisho wa mpira wake ulikuwa na mdomo mnene wa zambarau. "Afande, angalia. Huu mdomo umebuniwa makusudi usikubaliane na mpira wa mshipa. Upana mwingine, umbo jingine, hata rangi nyingine. Mifuko hii mipya ndiyo iliyotupatia cheti. Ili uingie mshipani, lazima mtu atumie nguvu, tena nguvu za kijinga."

"Wa kwangu haukuwa na zambarau," alisema Sista. "Ulikuwa na ncha nyeupe."

"Mfuko ndio huu huu!"

"Mfuko ndio. Mdomo sio."

Mkurugenzi alivuta pumzi kwa upole wa mtu anayetaka upole wake uonekane. "Binti yangu, kamati inakaa mchana huu. Ukisaini, unasimamishwa kazi, yanaishia humu ndani. Usiposaini, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kazi ya uuguzi unaiaga."

"Liende. Linisalimie huko."

Inspekta akakiweka kikombe chini. Hiyo, kwa waliomfahamu, ilikuwa dalili mbaya kwa mtu fulani.

"Kamati isubiri nimalize chai," alisema.

"Si umeshaimaliza?"

"Hiyo ilikuwa ya kwanza."

*

Nje ya ofisi, kwenye ukumbi unaonukia dawa ya sakafu, Inspekta alimkabidhi Sajini wake ule mfuko pamoja na mpira mpya wa mshipa aliouomba wodini.

"Ingiza huu kwenye huu."

Sajini alikuwa mnyanyua vyuma. Aliwahi kung'oa lango la kituo kwa kulivuta, lilipokuwa la kusukuma, na hadi leo aliamini kuwa kosa lilikuwa la lango. Aliukamata mdomo wa zambarau mkono huu na mpira wa mshipa mkono ule, akaikutanisha. Akasukuma. Akazungusha. Mishipa ya shingo ikamsimama, muuguzi aliyekuwa akipita akamuuliza kama anahitaji kitanda. Mwishowe pakasikika *ta!* na mpira wa mshipa ukapasuka vipande viwili.

"Umegoma, Afande."

"Na Sista ana mikono kama yako?"

"Sista? Sista nikimpungia mkono anaweza kupeperuka."

Inspekta akautazama ule mdomo wa zambarau kwa heshima. Aliyeubuni, popote alipo, alikuwa mtu asiyewaamini binadamu hata kidogo, na Inspekta alimpenda kwa hilo. Wengine wote hubandika matangazo ukutani: kuwa makini, angalia mara mbili, usikosee. Huyu hakutaka watu wawe makini. Alijua watachoka, wataitwa na wagonjwa watatu kwa pamoja, umeme utakatika. Akatengeneza kitu ambacho hata ukikosea hakikubali. Kama ni hivyo, Sista alidanganya, au kuna mtu aliyekifundisha kitu hicho kukubali.

"Kinanata, lakini," Sajini alisema, akijifuta vidole kwenye suruali.

"Nini?"

"Mdomo wenyewe. Una gundi."

Inspekta akainama. Kuzunguka zambarau, chini kidogo ya ukingo, palikuwa na duara la utando uliokamata vumbi: alama ya plasta iliyobandikwa ikabanduliwa. Na juu ya duara, mikwaruzo myembamba, kama ya kitu kilichovutwa kwa koleo.

Mwisho wa ukumbi, kwenye benchi, alikaa mpwa wa kinyozi. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye macho mekundu, na mara alipoiona sare ya polisi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Ni mimi, mama. Nifungeni."

Sajini akatoa pingu kwa furaha isiyofichika. Inspekta akamshusha mkono kwa jicho.

"Ni wewe uliyefanya nini?"

"Nilizungusha kile kigurudumu cha dripu. Maji yalikuwa yanadondoka taratibu, tone moja, unasoma gazeti zima, tone la pili. Nikasema mjomba hatakwenda nyumbani mwaka huu. Nikaifungulia imalize upesi." Akaanza kulia. "Nimemuua mjomba wangu kwa haraka!"

"Ulifungulia maji au maziwa?"

"Maji. Maziwa yalikuwa hayajaletwa."

"Hukumuua, na hajafa. Ila ukigusa tena kigurudumu chochote kisicho cha baiskeli, nitakuacha na huyu." Akamwonyesha Sajini, ambaye alikuwa akizirudisha pingu kwa huzuni. "Maziwa yalipoletwa ulikuwepo?"

"Nilimshikia Sista shuka."

"Aliunganisha vipi?"

"Alichomeka tu. Kama unavyochomeka chaja ya simu. Mkono mmoja, huku anamjibu bibi wa kitanda cha pili."

"Hakusukuma? Hakukaza meno?"

"Mama, alikuwa anacheka. Bibi alimwambia amtafutie mchumba."

"Na mdomo wa mfuko ulikuwa rangi gani?"

Mpwa akafikiri. "Sikumbuki rangi. Nakumbuka plasta. Lakini wodi ile yote ni plasta. Kitanda plasta, nguzo ya dripu plasta, hata saa ya ukutani. Waulize karakana, ni kazi za Fundi Gundi."

*

Fundi Gundi alikuwa ameitunza hospitali ile kwa plasta, waya na ukaidi. Karakana yake ilijaa viti vya magurudumu visivyo na magurudumu, na magurudumu yasiyo na viti. Katikati, juu ya jiko la umeme, birika kubwa lilikuwa likichemka kwa mlio wa mtu anayejaribu kupiga mluzi kanisani.

"Karibu, Afande! Chai?"

Inspekta hakuwahi kukataa chai. Ilikuwa kanuni ya kazi: anayekumiminia chai mikono yake ina shughuli, na mdomo hubaki peke yake. Akapokea kikombe, akanywa, akatulia.

Chai ile ilikuwa na ladha ya ndala mpya.

Fundi alikuwa akiinywa yake kwa mafunda makubwa, bila shaka yoyote usoni.

"Umetia tangawizi?" Inspekta aliuliza.

"Majani na sukari tu. Wauguzi hawaipendi chai yangu, sijui kwa nini. Wamezoea kudekezwa."

Sajini, nyuma, alikuwa akimwaga chai yake kwenye kiti cha magurudumu kwa siri.

"Fundi, wewe ndiye unayebandika plasta wodini?"

"Nani mwingine? Wakubwa wananunua, mimi naunganisha. Nikiondoka leo, jengo hili linalala chini."

"Mfuko wa lishe wa kinyozi uliubandika?"

Funda liliingia kwa njia isiyo yake. Fundi alikohoa mpaka akalazimika kushika meza. "Mimi navijua vitanda, Afande," alisema alipopata sauti. "Mambo ya maziwa ni ya wauguzi."

Inspekta hakumbana. Macho yake yalikuwa kwenye rafu, ambako yalipangwa maboksi ya mipira ya puani, ile inayopeleka maziwa tumboni. Akafungua pakiti moja. Mpira ulikuwa wa zamani, wenye tundu dogo la mviringo mwishoni, lisilo na rangi.

"Hii ndiyo inayotumika wodini?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Stoo imejaa."

Akauchukua mfuko wa ushahidi, akaugusisha mdomo wa zambarau kwenye lile tundu, taratibu, kama anayelinganisha ufunguo na kufuli. Kisha akautia mpira wa puani mfukoni na kusimama.

"Asante kwa chai. Naliazima birika."

"Birika?"

"Na chai yake humo humo. Nawe utatusindikiza, usije ukalikumbuka sana."

*

Wanakamati walikuwa bado hawajafika, lakini maji yao ya chupa yalikuwa yameshawekwa. Sista alikaa palepale alipoachwa, kidevu juu, karatasi mbele yake, haijaguswa. Mkurugenzi alitazama birika likiwekwa juu ya meza yake ya mninga, kisha akamtazama Fundi aliyelifuata, na rangi ya uso wake ikabadilika kidogo.

"Afande, tuna vikombe vyetu."

"Najua. Daktari, nisaidie jambo dogo. Ingiza mdomo huu wa zambarau kwenye mpira huu wa mshipa."

"Nimeshakueleza hauwezi kuingia."

"Karatasi yako inasema uliingia. Lazimisha."

Mkurugenzi akajaribu, kwanza kwa heshima, halafu bila heshima. Miwani ikamteleza.

"Haiwezekani," alisema.

"Sajini naye ameshindwa, na alivunja. Sasa ingiza kwenye huu." Akatoa mfukoni ule mpira wa puani. "Huu wa tumboni. Hapa ndipo pake, au sio?"

Mkurugenzi hakuupokea.

"Nimejaribu mwenyewe," Inspekta aliendelea kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la misa. "Mifuko umeleta mipya, mipira ya puani umebakisha ya zamani. Zambarau haiingii mshipani, vizuri sana. Lakini haiingii tumboni vilevile. Mdomo huu hauingii popote ndani ya hospitali hii. Kwa hiyo nina swali moja tu, Daktari. Tangu ulipopata kile cheti, wagonjwa wako wanakulaje?"

"Kwa ncha nyeupe," alisema Sista, polepole. "Mifuko ilikuwa inatufikia wodini imeshavalishwa. Ncha mbele, plasta nyuma. Sote tulidhani imetoka kiwandani hivyo."

"Ilitoka karakana." Inspekta akainua birika na kummiminia Mkurugenzi kikombe. "Karibu chai."

"Sina kiu."

"Kunywa, Daktari. Fundi anainywa kila siku, na bado ana nguvu za kukohoa."

Mkurugenzi akanywa. Uso wake ukajikunja, akatafuta mahali pa kutema, akamkuta Sajini amesimama mbele ya dirisha. Akameza.

"Ladha ya mpira," Inspekta alisema. "Mpira wa plastiki ukiuloweka kwenye maji yanayochemka unalegea, unauvalisha juu ya kitu kinene, ukipoa unakaza." Akavua mfuniko wa birika, akaliinamisha juu ya sinia. Chai yote ikamwagika, majani yakafuata, na mwisho kabisa, baada ya kutikiswa, kikatoka kitu kidogo na kugonga chuma: *ti*. Ncha nyeupe, iliyokatwa kwenye mpira wa dripu. "Hii ilikuponyoka, Fundi. Umeinywa wiki nzima."

Fundi Gundi aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa amelala mdomo wazi.

"Walikuwa na njaa, Afande!" Ikamtoka yote kwa pamoja. "Mifuko imekuja, haiingii kwenye kitu, wagonjwa wanasubiri kula. Daktari akaniambia, Fundi, tafuta njia. Nikatafuta. Ziliingia vizuri! Hakuna iliyowahi kuvuja!"

"Tatizo lake ndilo hilo. Ziliingia vizuri kila mahali. Na ya kinyozi nani aliing'oa?"

Macho ya Fundi yalikwenda kwa Mkurugenzi, yakaketi huko.

"Nilikuwa na stoo nzima ya mipira mizima!" Mkurugenzi akasimama. "Mlitaka niitupe? Wageni wa cheti wako mlangoni, mngefanya nini nyie? Na isitoshe, aliyekosea ni huyu! Amekiri! Macho alikuwa nayo!"

"Nilikuwa nayo," alisema Sista. "Hata sasa ninayo." Akamgeukia Fundi. "Kaka, baada ya ajali, ulizing'oa zote?"

"Daktari aliniambia ile ya kinyozi."

"Nakuuliza zote."

"Ile tu, Sista."

Sista alikuwa ameshasimama.

"Kaa chini!" Mkurugenzi alifoka. "Hairuhusiwi! Huyu hatakiwi kukanyaga wodini mpaka kamati iamue! Sajini, mzuie!"

Sajini alikuwa amehamia mlangoni, akiujaza wote. Akamtazama Sista, akamtazama Inspekta, ambaye alikuwa ameinama akichunguza sinia kwa makini makubwa. Kisha akakishika kitasa, akafikiri kidogo, akavuta. Safari hii mlango ulikuwa wa kuvuta.

Kengele ya saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeshalia. Wodi ilijaa ndugu, vyombo vya chakula, na sauti za watu wanaodhani mgonjwa akilala anakuwa kiziwi. Sista alipita katikati yao bila kusalimia. Kitanda cha kwanza: akashika mfuko juu ya nguzo, akateremsha kidole juu ya mpira, polepole, hadi puani, akafunga kibanio, akakata ncha kwa mkasi wa plasta. Kitanda cha pili, bibi wa mchumba: vivyo hivyo. Hakuamini jicho tena. Kila mpira aliufuata kwa kidole kutoka mfukoni hadi mwilini.

Kwenye kitanda cha dirishani muuguzi mwenzake alikuwa ameshika mfuko mpya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapapasa chini ya shuka, huku mke wa mgonjwa akimweleza habari za mguu uliovimba. Akatoa mpira, akausogeza kwenye ncha nyeupe. Ulikuwa wa mshipa.

"Acha!"

Mwenzake akashtuka, akatazama mkono wake, akafuata mpira kwa macho mpaka kwenye bandeji ya kiwiko. Akakaa kitandani juu ya mguu uliovimba, na mgonjwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu alazwe, akatukana vizuri kabisa.

Inspekta Kobe alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, akihema. Sajini alimwangalia pembeni. Kama alikimbia, Sajini hakuwa mtu wa kulisema hilo kituoni.

"Wagonjwa hawa watakula kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, mpaka mipira yao iletwe," Sista alimwambia mwenzake. "Tutachelewa kutoka. Basi tuchelewe."

Aliporudi ofisini wanakamati walikuwa wameketi, mikono juu ya meza, nyuso za mazishi. Mkurugenzi alikuwa ameanza hotuba. Sista hakusubiri imalizike. Akapindua mfuko wa gauni lake, na ncha nyeupe zikamwagika juu ya meza ya mninga, zikabingirika kati ya chupa za maji, moja ikasimama mbele ya Mkurugenzi.

"Jaribu hizo, Daktari," alisema. "Hazihitaji nguvu."

Hakuna aliyejaribu. Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akasema kwamba, kwa jinsi mambo yalivyo, pengine kamati ingeweza kufikiria kumsamehe Sista.

"Sijaomba msamaha wenu. Nitamwomba kinyozi."

Akaivuta karatasi, akatoa kifuniko cha kalamu, akaukata mstari wa tatu kwa mchoro mmoja ulionyooka. Yaliyobaki, yale ya mikono miwili na shuka moja, akayasoma mpaka mwisho, akayasaini. Kisha akaizungusha karatasi na kuisukuma upande wa pili wa meza, kalamu juu yake.

"Langu hilo," alisema. "Chini yake pana nafasi, Daktari. Andika na lako."